Kalenda ya Maua ya Kitulo: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Nyasi za Mlimani Zinavyochanua Msimu Mzima

Kila mwaka Oktoba ikielekea ukingoni naanza kupigiwa simu, na swali ni lile lile: maua ya Kitulo yanachanua lini? Anayeuliza anataka tarehe, apange safari, arudi na picha. Nami nimejizoeza kutompa tarehe. Uwanda huu unachanua kwa zamu. Mmea huu unatoka, ule unaingia. Bondeni kwenye maji kuna zamu yake, mgongoni kwenye mawe kuna nyingine, na palipoungua Septemba pana mambo ambayo jirani yake pasipoungua hapayaoni kabisa. Aliyepanda wiki ya pili ya Desemba na aliyepanda mwisho wa Februari wanaweza kubishana usiku kucha juu ya rangi ya uwanda, na wote wawili wakawa wanasema kweli.

Kwa hiyo badala ya tarehe, hapa natoa njia. Ni njia ya kutengeneza kalenda ya maua ya eneo lako mwenyewe, hatua kwa hatua, kwa daftari, kamba na simu ya kawaida. Nimeiandika kwa ajili ya kijana anayetembeza wageni, mwalimu wa sayansi aliye na wanafunzi wenye miguu mizuri, mfugaji anayepita njia ile ile kila wiki, na mwanafunzi wa botania anayeanza. Mifano yangu ni ya Kitulo kwa sababu ndiko ninakokujua. Aliye Aberdare ya Kenya, Mgahinga ya Uganda au Nyika ya Malawi atabadilisha miezi na majina, kazi yenyewe ni moja.

Kwanza, ujue unasimama wapi

Uwanda wa Kitulo uko katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kwenye kimo cha mita 2,600 hivi, umezungukwa na milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone. Wenyeji wamepaita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 sehemu yake kubwa ikawa hifadhi ya taifa yenye kilomita za mraba 413 hivi, hifadhi ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Aina za mimea zinazotajwa ni kama 350, na ndani yake kuna okidi za ardhini zipatazo 45. Okidi hizi hazining'inii juu ya miti. Zinaota chini, katikati ya nyasi, kila moja ikiwa na kiazi chake udongoni.

Mambo matatu ndiyo yanayoendesha zamu za maua hapa, na usipoyaelewa utaandika namba nyingi zisizokuambia kitu.

La kwanza ni mvua. Kusini magharibi mwa Tanzania hakuna vuli na masika kama Arusha au Dar es Salaam. Tuna msimu mmoja mrefu, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa huutolea utabiri wake peke yake, kuanzia Novemba hadi Aprili. Msimu mmoja wa mvua maana yake ni wimbi moja kubwa la maua, lenye mwanzo, kilele na mkia. Ndugu zetu wa milima ya Kenya, wenye misimu miwili, wanapaswa kutegemea mawimbi mawili, na mmea mmoja unaweza kuonekana na maua katika yote.

La pili ni baridi. Hewa hupoa takriban nusu nyuzi na kidogo kwa kila mita 100 unazopanda. Ukitoka Mbeya mjini, mita 1,700 hivi, hadi uwandani, umepoteza nyuzi tano na zaidi. Juni hadi Agosti usiku wa Kitulo huleta sakitu, yaani umande ulioganda, nyasi zikaamka nyeupe. Ndiyo sababu mimea mingi hapa hufa juu ya ardhi kila mwaka na kubaki hai chini, kwa vitunguu, viazi na mizizi minene. Akiba hiyo ndiyo inayolipa maua ya msimu unaofuata.

La tatu ni moto. Kiangazi nyasi huchomwa, mara nyingi ili malisho mapya yachipue. Moto ukiondoa majani makavu, mwanga unafika chini, na mimea yenye akiba udongoni hupata nafasi ya kutoa maua mapema, mengine hata kabla ya mvua ya kwanza, juu ya majivu meusi. Yungiyungi wa moto wa jamii ya Cyrtanthus ni mfano wake: ua linatoka ardhini kana kwamba halina habari na majani.

Urefu wa mchana nimeuacha kwa makusudi. Tuko nyuzi tisa tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ni kama saa moja. Ukisoma vitabu vya Ulaya vinavyoanza na urefu wa mchana, kumbuka waliandikiwa watu wengine.

Hatua ya 1: Omba ruhusa kabla ya kuchomeka kigingi

Ndani ya hifadhi, kutembea na kupiga picha ni jambo la mgeni wa kawaida aliyelipa kiingilio. Kuweka alama na kurudi kuhesabu ni utafiti, na utafiti katika hifadhi za taifa una taratibu zake kupitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TANAPA (shirika la hifadhi za taifa). Anza kwa kuongea na ofisi ya hifadhi. Mara nyingi askari na wahifadhi wenyewe wanafurahi kupata mtu anayerudi kila wiki. Nje ya hifadhi, nyasi ni za kijiji, za mtu au za shamba la mifugo. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mweleze unachofanya, mwonyeshe daftari. Nimeona vigingi vikang'olewa kwa sababu wenye ardhi walidhani ni vya wapimaji wa viwanja, na hawakuwa na kosa.

Hatua ya 2: Chagua vituo vinne, visivyofanana

Hapa ndipo kazi nzima inapopona au kufa. Daftari langu la kwanza lilikuwa na mistari kama "Januari 12, maua mengi ya njano, mazuri." Miaka miwili baadaye niliposoma sikuweza kujua yalikuwa ya njano gani, wapi, wala kama bado yanarudi pale. Niliutupa msimu mzima.

Chagua vituo vinne unavyoweza kuvitembelea vyote kwa siku moja:

– kimoja bondeni kwenye kinamasi, ambako miguu inazama;
– kimoja kwenye mteremko wa nyasi za kawaida;
– kimoja mgongoni, penye mawe na udongo mwembamba;
– kimoja palipoungua kiangazi hiki, na ikiwezekana kiwe jirani na mteremko ule usioungua, ili tofauti utakayoiona iwe ya moto na si ya udongo.

Usiwashe moto mwenyewe ili upate kituo cha nne. Kama hakuna palipoungua, kaa na vitatu. Moto wa jaribio kwenye upepo wa Septemba hauna bwana.

Kila kituo, nyoosha kamba ya mita 100. Chomeka kigingi mwanzoni na mwishoni, chukua mahali pake kwa GPS ya simu, na piga picha ukiwa umesimama kigingi cha kwanza ukitazama cha pili. Picha hiyo utairudia kila safari, ukiwa umesimama pale pale na kutazama kule kule. Mwisho wa mwaka, ukizipanga kwa mfuatano, zitakuonyesha uwanda ukipumua.

Hatua ya 3: Kusanya vifaa

Havizidi mfuko mmoja. Daftari lenye jalada gumu, na penseli, kwa sababu wino hutiririka kwenye ukungu. Kamba ya mita 100 iliyofungwa fundo kila mita 10. Fremu ya mraba ya mita moja kwa mita moja. Fito nne za mianzi zilizofungwa kwa waya zinatosha. Vigingi vidogo vya mti au vipande vya waya mnene vyenye namba. Rula. Simu iliyochajiwa, na mfuko wa nailoni wa kuifunika. Mabuti ya mpira, koti la mvua, sweta. Kipimamvua, nacho usichomeke uwandani ng'ombe wakaja kukikanyaga. Kiweke nyumbani au shuleni karibu, mahali pa wazi mbali na paa na miti, kisomwe kila asubuhi saa tatu.

Hatua ya 4: Chagua mimea minane tu

Kishawishi ni kufuatilia kila kitu. Usifanye hivyo mwaka wa kwanza. Chagua minane ambayo unaweza kuitofautisha hata ukiamshwa usiku, na uichague ili isikusanyike katika mwezi mmoja. Mimi ningeshauri mchanganyiko huu:

Mmoja au miwili ya kutangulia mvua, ya palipoungua. Mmoja wa jamii ya Kniphofia, yale maua yaliyosimama kama mwenge, mekundu juu na njano chini. Mmoja wa Moraea au Gladiolus, mimea ya ukoo wa airisi yenye majani marefu. Okidi tatu za jamii tofauti. Lobelia kubwa ya kinamasini kama ipo kwenye kituo chako. Na mmoja wa Helichrysum, yale maua makavu kama karatasi, ili kalenda yako isinyamaze mvua ikikatika.

Okidi ndizo zinazowachanganya watu, kwa hiyo nikae hapa kidogo. Usitazame rangi kwanza. Tazama mkia, yaani kile kijifuko chembamba nyuma ya ua kinachohifadhi asali ya maua au kuwadanganya wadudu kwamba ipo. Ukikuta mikia miwili inayoshuka nyuma ya kofia ndogo, unatazama Satyrium. Kofia hiyo ndiyo mdomo wa ua, uliokaa juu badala ya chini. Ukikuta mkia mmoja unaotoka kwenye kofia ya juu, ni Disa. Ukikuta ua la kijani au jeupe, mdomo umekaa chini na mara nyingi umechanika vidole, na mkia mmoja unashuka kutoka kwenye mdomo huo, hapo ni karibu na Habenaria. Kwa alama hizo tatu utakuwa umeokoka makosa mengi ya mwaka wa kwanza. Nilizijua nikiwa nimeshaandika Satyrium na Disa kama mmea mmoja kwa wiki tano, kwa sababu zote zilikuwa za waridi.

Majina ya kitaalamu ni muhimu, lakini andika pia jina la mwenyeji. Uliza wazee kwa Kikinga, Kiwanji, Kinyakyusa au Kisafwa, na uandike umeuliza kijiji gani. Jina la mwenyeji mara nyingi limebeba msimu ndani yake: mmea wa wakati wa kupalilia, mmea wa sakitu. Usipoliandika wewe, sijui ni nani ataliandika.

Hatua ya 5: Weka alama kwenye mimea kumi ya kila aina

Kwa kila aina, kwenye kila kituo inapoota, tafuta mimea kumi kando ya kamba. Chomeka kigingi chenye namba kidole kimoja kutoka kwenye shina, upande wa kaskazini kila mara, ili ujue mmea ni upi hata ukiwa umepotea. Usifunge utepe mwekundu kwenye shina. Utepe unaita macho, na macho mengine yanatafuta viazi.

Hilo lazima lisemwe wazi. Viazi vya okidi za ardhini vinachimbwa Nyanda za Juu Kusini na kuuzwa Zambia, ambako husagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kiitwacho chikanda. Chakula chenyewe ni cha heshima na cha zamani. Tatizo ni jinsi mmea ulivyoumbwa. Disa, Satyrium na Habenaria huwa na viazi viwili: kimoja kikuukuu, laini, kinacholisha ua la mwaka huu, na kimoja kipya, kigumu, kinachojazwa kwa ajili ya mwaka ujao. Mchimbaji anataka kile kigumu. Akikichukua, amechukua mwaka ujao na yote inayofuata. Na mbegu za okidi, ingawa ni maelfu ndani ya tunda moja, ni nyepesi kama vumbi na hazina akiba. Haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu wa udongoni anayezilisha. Pengo halizibwi upesi.

Kwa sababu hiyo: usichimbe mmea hata kwa kuutambua, na usichapishe mtandaoni mahali kamili pa okidi. Tunza GPS daftarini. Ukiweka picha kwenye iNaturalist, mtandao wa watu kuweka picha za viumbe, chagua kuficha mahali. Kwenye simu zima kurekodi mahali kabla ya kusambaza picha katika makundi ya WhatsApp.

Hatua ya 6: Tembelea kwa ratiba, na uandike hali kwa namba

Novemba hadi Aprili nenda kila siku ya saba. Mei hadi Oktoba kila siku ya kumi na nne inatosha, isipokuwa pakiungua. Hapo rudi kwenye wiki. Anza saa tatu asubuhi ukungu ukiinuka, na uwe umeshuka kabla ya saa nane mchana, maana radi za Januari hazimwachi mtu aliyesimama peke yake kwenye nyasi tambarare.

Mpangilio wa vituo uwe ule ule kila mara, ili kila kituo kitembelewe saa ile ile. Hili lina sababu. Maua mengi ya jamii ya Moraea hudumu siku moja au pungufu, na mengine yana saa zake za kufunguka. Ukipita saa tatu wiki hii na saa saba wiki ijayo, utadhani mmea umechanua ghafla, kumbe ulikuwa umelala.

Kwa kila mmea wenye kigingi, andika namba moja:

0 – hauonekani juu ya ardhi
1 – majani tu
2 – matumba, hakuna lililofunguka
3 – umeanza kuchanua, chini ya nusu ya maua yamefunguka
4 – umechanua, nusu au zaidi yamefunguka au yamepita, na angalau moja bado bichi
5 – maua yamenyauka yote
6 – matunda yamekaza au yamepasuka kutoa mbegu

Mkulima wa pareto wa Makete hatapata shida na orodha hii. Yeye tayari hachumi ua kwa kuliona jeupe. Anatazama vile vijiua vya njano vya katikati, safu za nje zikifunguka ndipo anachuma. Hali ya ua anaisoma kila wiki na maisha yake yanategemea. Mimi hufundisha wanafunzi kwa kuwapeleka shambani kwa pareto kwanza, halafu uwandani.

Angalizo kwa maua ya mwenge: Kniphofia hufunguka kutoka chini kwenda juu, na maua yakifunguka rangi hubadilika, kwa hiyo shina moja huwa na maua yaliyokufa, yaliyo hai na matumba kwa pamoja. Usibabaike. Hesabu ni ya shina zima: likiwa na hata ua moja bichi, bado ni 3 au 4.

Na okidi ikiandikwa 0 msimu mzima, usiiandike imekufa. Okidi za ardhini zinaweza kupumzika mwaka chini bila kutoa shina. Acha kigingi pale. Andika pia kama kuna shimo au udongo uliofukuliwa, kwa sababu hizo ni 0 mbili zenye habari tofauti kabisa.

Baada ya vigingi, weka fremu ya mraba kwenye kila fundo la kamba, miraba kumi kwa kituo, na uhesabu aina zote zenye ua lililo wazi, hata zile usizozijua majina. "Njano ndogo ya majani matatu" inatosha kwa sasa. Namba hii ndiyo itakayokuambia kilele cha uwanda wote, tofauti na kilele cha mimea yako minane.

Hatua ya 7: Piga picha zinazoweza kusaidia

Picha moja nzuri ya ua haimtoshi mtaalamu. Piga tano: mmea wote ukiwa na nyasi zinazouzunguka, kichala cha maua kikiwa na rula kando, ua moja kwa mbele, ua lile lile kwa ubavu, mkia uonekane, na jani kwenye shina, ili ijulikane limekumbatia shina au limekaa chini. Ukipata nafasi, ya sita iwe ya mgeni wa ua: ndege chozi akinyonya kwenye Kniphofia, nyuki, nzi, nondo. Okidi nyeupe zenye mikia mirefu huhudumiwa na nondo wa usiku, hivyo usishangae kuona mchana hazina mgeni.

Kwa majina, anza na programu za utambuzi kama chanzo cha kukisia tu. Mimea yetu ya milimani haina picha nyingi humo na majibu ya Ulaya hujitokeza kwa kujiamini. Kisha peleka picha kwa watu: hifadhi za mimea iliyokaushwa zipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Arusha.

Hatua ya 8: Rekodi mvua, sakitu na moto

Kurasa tatu za nyuma ya daftari. Ya mvua: milimita za kila siku. Ya sakitu: tarehe tu za asubuhi nyasi zilizoamka nyeupe. Ya moto: tarehe, mahali, na kama umeteketeza mpaka udongo ukaonekana au umepita juu juu. Tarehe ya moto waulize wachungaji ndani ya wiki hiyo hiyo. Baada ya mwezi kila mtu atakupa tarehe yake.

Mvua ya kwanza usiiandike kwa kuona matone. Jiwekee kipimo na ukishike miaka yote. Mimi nimetumia milimita 20 ndani ya siku tatu mfululizo. Kipimo chako kinaweza kuwa kingine, mradi kisibadilike katikati ya kazi.

Hatua ya 9: Geuza namba kuwa kalenda

Msimu ukiisha, kaa mezani. Kwa kila aina na kila kituo, hesabu ni mimea mingapi kati ya kumi ilikuwa na namba 3 au 4 kila ziara. Tuseme Satyrium ya bondeni imetoa hivi:

Januari 26: 0
Februari 2: 1
Februari 9: 4
Februari 16: 8
Februari 23: 9
Machi 2: 5
Machi 9: 1
Machi 16: 0

Mwanzo wa kuchanua hauko Februari 2. Uko mahali fulani kati ya Januari 26 na Februari 2, kwa hiyo andika katikati, Januari 29 au 30, na uandike kwamba kosa linaweza kuwa siku tatu na nusu kila upande. Kilele kwa macho ni Februari 23. Lakini kilele cha macho kinategemea ziara moja, na ziara ile ikiwa ya mvua kubwa umekosea. Wastani wa tarehe ni imara zaidi. Hesabu siku kuanzia Februari 2: ziara zile ni siku ya 0, 7, 14, 21, 28 na 35. Zidisha kila siku kwa idadi ya mimea iliyochanua: 0, 28, 112, 189, 140, 35. Jumla ni 504. Gawa kwa jumla ya idadi, yaani 28. Unapata 18. Siku ya 18 baada ya Februari 2 ni Februari 20, na hiyo ndiyo tarehe ya kati ya mmea huo mwaka huo bondeni.

Fanya hivyo kwa vituo vyote, kisha uliza maswali. Mteremko umetangulia bonde kwa siku ngapi? Palipoungua pametangulia pasipoungua? Tarehe ya kati ilikuwa siku ya ngapi tangu mvua ya kwanza, kwa kipimo chako? Swali la mwisho ndilo lenye dhahabu. Mvua ikichelewa wiki tatu na mmea ukachelewa wiki tatu, mmea huo unafuata mvua. Mvua ikichelewa na mmea ukachanua tarehe zile zile, unaendeshwa na akiba yake ya chini au na joto, na huo ndio wa kuutazama kwa wasiwasi, kwa sababu unaweza kuchanua kabla wadudu wake hawajatoka.

Chora sasa. Karatasi kubwa, miezi kumi na miwili juu kuanzia Julai na si Januari, ili msimu wa mvua usikatwe vipande viwili. Aina za mimea upande wa kushoto, zikipangwa kwa tarehe ya kati, anayetangulia juu. Chora mstari kutoka mwanzo hadi mwisho wa kuchanua, na nukta nene kwenye tarehe ya kati. Bonde kwa rangi moja, mteremko nyingine, mgongo nyingine. Chini kabisa chora mvua ya kila mwezi kama nguzo.

Kwa sura ya jumla, Kitulo itakuchorea ngazi: wachache wa majivuni kabla ya mvua, uwanda kujaa kuanzia Desemba, okidi nyingi zikisongamana kuelekea Februari na Machi, kisha Aprili kushuka taratibu, na kiangazi cha baridi kikabaki na maua makavu ya Helichrysum na nyasi zenyewe. Nakusihi usiniamini kwa tarehe. Mgongo wa mawe unaweza kukupa ngazi tofauti, na mwaka mmoja si kalenda. Baada ya misimu mitatu weka mistari mitatu juu ya mmoja; hapo ndipo utaweza kumjibu mgeni wa simu, na utamjibu kwa kumuuliza anataka kuona nini.

Hatua ya 10: Funga msimu

Juni, sakitu ikishaanza, pita kwenye vituo vyote na uhakikishe kila kigingi kipo. Nyasi zikilala ndipo vinaonekana vizuri. Kilichooza badilisha pale pale, kabla hujakitoa cha zamani. Piga picha kila ukurasa wa daftari na uzihifadhi sehemu mbili. Nakala moja ya kalenda ipeleke ofisi ya hifadhi, moja ofisi ya kijiji, moja shule iliyo karibu, ikiwa na orodha ya mimea bila GPS. Kisha nunua daftari jipya, ukurasa wa kwanza uandike tarehe ya ziara ya kwanza ya Julai, na namba za vigingi vilivyoandikwa 0 mwaka mzima, ili uvitazame kwanza.